Mawe yaliyoshinda kesi: gati za Seine na barabara iliyofungwa mara mbili

Tarehe 21 Februari 2018 mahakama ya utawala ya Paris ilifuta uamuzi wa jiji wa kuifunga barabara ya magari iliyopita chini kabisa, pembeni ya maji, kwenye ukingo wa kulia wa mto Seine. Wiki mbili hazijatimia, tarehe 6 Machi, meya Anne Hidalgo akasaini amri mpya ya kuifunga barabara ileile. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo mahakama ileile ikaipitisha amri hiyo. Barabara moja, mahakama moja, na ndani ya miezi minane hukumu mbili zinazotazamana kwa migongo. Magari hayakuwa yamepungua wala kuongezeka kati ya hukumu hizo. Hoja ndiyo iliyobadilika: mara ya kwanza jiji lilizungumzia moshi, mara ya pili likazungumzia mawe.

Kisa hiki husimuliwa kama ugomvi wa wenye magari na wapenda baiskeli. Mimi nakisoma kama kisa cha majengo, kwa sababu kilichoibeba amri ya meya mwishowe ni ukuta ambao watu wamekuwa wakiujenga, kuubomoa na kuujenga tena tangu karne ya 14. Na namna ulivyoibeba inanipa wasiwasi kidogo, ambao nitaufikia.

Mji wenye sakafu mbili

Kwenye ramani Paris ni mto na madaraja. Ukishuka ngazi unagundua kwamba mji una sakafu mbili. Juu kuna gati yenye barabara, miti, na ukuta mfupi wa mawe ambao mtu anaweza kuuegemea kwa viwiko; ndipo wauza vitabu vya mitumba walipofungia masanduku yao ya kijani kilichokolea. Kutoka hapo ukuta mkubwa unashuka, umelala nyuma kidogo ili kuhimili uzito wa udongo ulio mgongoni mwake, hadi kwenye gati ya chini, sakafu pana iliyo karibu sana na maji. Ile ya juu Wafaransa huiita quai. Ya chini, kwa lugha ya kazi, ni port: bandari. Hawakuwa wakitia chumvi. Nafaka, divai, kuni, nyasi za farasi, mkaa na mawe ya kujengea vilishushwa hapo kutoka kwenye matishari. Sehemu ya mawe yaliyojenga mji wenyewe, yale ya Saint-Leu, yalikuja kwa maji kupitia mto Oise na kupandishwa gatini.

Mbele ya jumba la jiji palikuwa na ufuko ulioitwa Grève. Makuli na vibarua walikusanyika hapo kungoja kazi, na ndiyo asili ya neno la Kifaransa la mgomo, grève. Ufuko huo ulikuwa ndani ya kipande kilichogombaniwa mahakamani, jambo ambalo nashangaa halitajwi mara nyingi zaidi.

Ukisogea karibu na ukuta wa gati ya chini utaona vishubaka vilivyochongwa ndani ya jiwe, na ndani ya kila kishubaka imelala pete nzito ya chuma. Mashua ilifungwa kwenye pete. Fundi aliizamisha ndani ya jiwe makusudi, kwani pete iliyotokeza ingekwaruza ubavu wa tishari kila maji yanapolisukuma ukutani. Tena pete haziko kimo kimoja, maana Seine wa zamani, kabla ya malambo na milango ya maji kama ile ya Suresnes, ulipanda na kushuka kwa mita kadhaa kati ya kiangazi na masika. Miteremko nayo si pambo: ni njia ya mikokoteni ya farasi, na ulalo wake umepimwa kwa nguvu ya farasi mwenye shehena. Hakuna jiwe pale lililowekwa kwa ajili ya kutazamwa tu.

Ukuta huu haukujengwa na mtu mmoja wala utawala mmoja. Gati ya Grands-Augustins, kwenye ukingo wa kushoto, ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza, mwaka 1313, enzi za Philippe wa Nne. Daraja la Pont Neuf, lililoanzwa 1578 na kumalizika 1607, lilikuja bila nyumba juu yake, na kwa mara ya kwanza mpita njia aliweza kusimama katikati ya mto na kuuona mji. Nyumba zilizobanana juu ya madaraja mengine zilianza kuondolewa baada ya amri ya 1786. Kisha Napoleon akajenga gati kwa pupa, na karne ya 19 ikaviunganisha vipande hadi mto wote wa katikati ya mji ukawa umevalishwa mawe pande mbili. Kinachoonekana leo kama mstari mmoja uliotulia ni viraka vya zaidi ya miaka 500.

Viraka hivyo vilijaribiwa vizito Januari 1910. Tarehe 28 maji yalifika mita 8.62 kwenye kipimo cha Austerlitz. Wengi hudhani mto uliruka ukuta. Kwa sehemu kubwa ukuta ulishika. Maji yaliuzunguka na kuingia mjini kwa chini, kupitia mabomba ya maji taka na mahandaki ya reli, yakaibukia mitaani na kwenye stesheni ya Orsay. Alama za kimo hicho bado zimechongwa au kubandikwa sehemu mbalimbali za gati. Ukisimama kwenye sakafu ya chini alama hiyo iko juu sana ya kichwa chako.

Jinsi bandari ilivyogeuka barabara

Kufikia miaka ya 1960 matishari yalikuwa yamepungua katikati ya mji na magari yalikuwa yamejaa. Mhandisi wa barabara aliyetazama gati ya chini aliona zawadi: sakafu tambarare, ndefu, isiyo na njia panda hata moja, madaraja tayari yako juu yake, na hakuna nyumba ya kubomoa wala mwenye nyumba wa kulipa fidia. Tarehe 22 Desemba 1967 barabara ya ukingo wa kulia ilifunguliwa, takriban kilomita 13, na waziri mkuu Georges Pompidou akaizindua. Baadaye ikapewa jina lake.

Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba mawe hayakubomolewa. Ukuta ulibaki, vishubaka vikabaki. Kilichokatika ni uhusiano kati ya sakafu mbili. Ngazi zilizoshuka kwenye maji sasa zilishuka kwenye magari. Pete ya kufungia mashua ikawa inatazama lami. Na ukuta ulioelekezwa mtoni ukawa kama ubao wa kurudishia sauti, unaourusha mngurumo wa injini hadi ng'ambo. Mtu anaweza kuharibu jengo bila kung'oa tofali moja, na huu ndio mfano ambao ningempa mwanafunzi wa usanifu.

Ukingo wa kushoto ulikuwa ufuate. Mpango wa barabara ya kasi kupita miguuni mwa Notre-Dame ulikuwa tayari, ukapingwa, na Valéry Giscard d'Estaing akauzika alipoingia ikulu mwaka 1974.

Halafu mwaka 1991 UNESCO ikaziandika kingo za Seine, kuanzia daraja la Sully hadi daraja la Iéna, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hekta 365. Ziliandikwa pamoja na barabara ile iliyokuwa imelala sakafuni mwake, na magari yakaendelea kupita kama kawaida. Shikilia hapo, kwa sababu hoja hii inarudi.

Jiji lilianza kurudi mtoni kidogokidogo. Mwaka 2002 Bertrand Delanoë, meya wa wakati huo, alisimamisha magari kwa wiki chache za kiangazi na kumwaga mchanga kwenye barabara ya Pompidou. Mwaka 2012 ziliwekwa taa za kuongozea magari kwenye sehemu ya ukingo wa kulia, jambo linalotosha kuiua barabara ya kasi kimyakimya. Mwaka 2013 kilomita 2.3 za ukingo wa kushoto, kati ya jumba la makumbusho la Orsay na daraja la Alma, zikafungwa moja kwa moja. Huko hapakuwa na vita kubwa.

Faili la kwanza

Ukingo wa kulia ulikuwa kitu kingine. Kilomita 3.3, kutoka kwenye handaki la Tuileries hadi karibu na bandari ya Arsenal, zilizokuwa zikipitisha magari kama 43,000 kwa siku. Tume iliyokusanya maoni ya wananchi ilitoa maoni ya kukataa mwezi Agosti 2016. Maoni ya tume hayamfungi mtu mikono, na tarehe 26 Septemba Baraza la Paris likapiga kura ya kufunga. Amri ya meya ilifuata tarehe 18 Oktoba. Mapema mwaka uliofuata, ukingo wa kulia na wa kushoto viliunganishwa kuwa bustani moja ya matembezi.

Faili hilo lilisimama juu ya mazingira. Lilikuwa jambo la kawaida kwa wakati ule: hewa ya Paris ilikuwa mbaya, na kupunguza magari kunaeleweka na kila mtu. Lakini anayedai kwamba hatua yake itasafisha hewa anajitwika mzigo wa kuonyesha magari yataenda wapi. Hapo ndipo palipovuja. Mahakama ilisema tathmini ya athari ilikuwa na makosa, mapengo na upungufu kuhusu mambo matatu: mwendo wa magari, moshi, na kelele. Wananchi walioombwa maoni hawakupewa picha kamili, kwa hiyo kura iliyofuata ikaanguka nayo.

Mahakama haikusema kuifunga barabara ni kosa. Ilisema hesabu haikukamilika. Na kusema kweli hesabu ile ilikuwa ngumu kukamilika, maana magari hayayeyuki. Baadhi yalihamia kwenye barabara nyingine za mji, na mengine yalipanda tu hadi gati ya juu, mita chache juu ya mawe yaleyale. Kwa wakazi wa gati ya juu, sera ya kusafisha hewa ilikuwa na harufu ya moshi. Wapinzani, akiwamo Valérie Pécresse aliyeongoza mkoa wa Île-de-France, walilijua hilo na waligonga hapohapo.

Kuna kejeli ndogo ya mto. Wiki tatu na ushei kabla ya hukumu, mwishoni mwa Januari 2018, Seine ulikuwa umepanda karibu mita 6 na kuifunika gati yote ya chini. Hata Juni 2016, miezi michache kabla ya kura, ulifika mita 6.10 na kufanya vivyo hivyo, hadi Louvre ikahamisha kazi za sanaa kutoka maghala yake ya chini. Mahakimu, mawakili na madiwani walikuwa wanagombania sakafu ambayo kila baada ya miaka michache mto huichukua bila kumwuliza mtu.

Faili la pili

Amri ya tarehe 6 Machi 2018 ilisimama juu ya kifungu L. 2213-4 cha sheria kuu ya serikali za mitaa ya Ufaransa. Kifungu hicho kinamruhusu meya, kwa amri yenye sababu, kuzuia magari kwenye njia fulani pale yanapohatarisha utulivu wa watu, ubora wa hewa, au ulinzi wa mandhari na maeneo, ama kuyatia thamani kwa ajili ya uzuri, ikolojia au utalii. Uzito sasa ukahamia kwenye urithi: gati hizi, majengo yanayoonekana kutoka gatini, na jina la UNESCO.

Juma la Oktoba lilikuwa la ajabu. Jumatatu tarehe 22 mahakama ya rufani ilithibitisha kwamba uamuzi wa 2016 ulikuwa batili. Alhamisi tarehe 25 mahakama ya chini ikasema amri ya 2018 ni halali, kwa sababu ya ulinzi wa eneo na kulitia thamani kwa ajili ya uzuri na utalii. Jiji lilishindwa na kushinda ndani ya siku tatu.

Kwa nini jiwe lilifaulu pale moshi uliposhindwa? Jibu langu ni la kifundi kuliko la kimapenzi. Moshi husafiri, ukiutaja unaulizwa kuhusu kila mtaa utakaofika. Ukuta unakaa. Athari ya gari kwa ukuta na kwa mandhari yake hupimwa hapohapo ulipo, na hakuna anayeweza kusema kwamba umehamishia gati ya Grève kwa jirani. Zaidi ya hapo thamani ya mahali ilikuwa imeshatamkwa miaka 27 kabla, na chombo kisicho na maslahi katika ugomvi wa madiwani wa Paris. Jiji halikulazimika kuthibitisha kwamba gati ni nzuri. Lilihitaji tu kuonyesha kwamba magari yanazuia watu kuifikia na kuiona.

Sasa ile hoja niliyoomba uishikilie. Kama UNESCO iliandika eneo hili likiwa na magari yake, magari yanawezaje kuwa kosa dhidi ya urithi? Ni hoja nzuri, na anayeitetea barabara angekuwa mjinga kuiacha. Nadhani jibu liko ndani ya maneno ya kifungu chenyewe: hakizungumzii kulinda peke yake, kinazungumzia pia kutia thamani. Kulinda hutazama hali ya jana, na kwa hiyo kungeweza kuilinda hata barabara. Kutia thamani hutazama kile ambacho mahali panaweza kuwa. Bila maneno hayo machache sidhani kama jiji lingepita.

Wasiwasi wangu

Uzuri na utalii. Hizo ndizo sababu zilizoandikwa, na ukizisoma ukiwa umesimama mbele ya pete ya chuma isiyo na kamba, unasita. Gati iliyookolewa na mahakama ni gati ya kutazamwa. Iliyojengwa ilikuwa ya jasho. Viti vya kujilaza, baa za kiangazi na vijana wenye gitaa ni wageni wapya hapo kama magari yalivyokuwa wageni, ingawa nakiri ni wageni wapole zaidi. Kazi ya mto haijafa: mchanga, kokoto na saruji bado huingia Paris kwa matishari, ila hushushwa kwenye gati nyingine, nje ya kile kipande cha kadi za posta. Sheria iliyotumika haina neno la kuilinda kazi hiyo.

Halafu kuna mawe yenyewe, kwa maana ya mawe. Hatari kubwa kwa ukuta wa gati huja maji yanaposhuka kuliko yanapopanda. Mto ukiwa juu, maji ya mbele huusukuma ukuta na udongo uliolowa nyuma huusukuma pia, nguvu zinasawazika. Mto ukishuka upesi, mbele panabaki patupu na nyuma udongo bado umejaa maji, mzito, unasukuma peke yake. Kama mianya ya kutolea maji imeziba, ukuta huanza kutoa tumbo. Kuondoa magari kunapunguza mzigo na mtikisiko kwenye gati ya chini, lakini hakuzibui mwanya hata mmoja, na yale magari yaliyopanda juu sasa yako mgongoni mwa ukuta mkubwa. Hayo hayakuwa mbele ya mahakama, wala hayakupaswa kuwa. Mhandisi wa jiji, yeye, hana pa kuyakimbilia.

Kwenye jambo moja walioitengeneza sehemu mpya waliusikiliza mto: vingi vilivyowekwa huko chini vinahamishika au vinaelea, na bustani za ukingo wa kushoto zimekaa juu ya maji ili zipande nayo. Lami ya ukingo wa kulia, kwa sehemu kubwa, waliiacha. Unatembea juu ya barabara ya 1967 ukiwa umeuelekeza uso kwenye ukuta wa enzi nyingine, na sioni sababu ya kuificha.

Hoja ya urithi ilirudi mwaka 2023, safari hii dhidi ya serikali. Polisi walitaka mamia ya masanduku ya vitabu yaondolewe kwenye kuta za gati kwa ajili ya usalama wa sherehe ya kufungua Olimpiki. Wauza vitabu wakasema masanduku yamekuwa sehemu ya ukuta. Februari 2024 Rais Emmanuel Macron aliamua yabaki, na tarehe 26 Julai sherehe ikapita mtoni huku masanduku yakiwa mahali pake.

Na tarehe 5 Julai 2025 maeneo matatu ya Seine yalifunguliwa kwa waogeleaji, baada ya marufuku ya tangu 1923. Moja liko Bras Marie, kwenye mkono wa mto unaotazamana na kisiwa cha Saint-Louis, ndani ya kile kipande kilichofungwa mara mbili. Watu huvua viatu pale magari yalipokuwa yakipita na kuingia majini, na ukuta uko nyuma yao pamoja na pete zake.